Mzee kastaafu miaka miwili iliyopita ila ndo kwanza tunaishi pamoja, wenzangu mliofungiwa ndani mnaishije?

Mama Kimya

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho manake nikiwaambia watoto wanacheka wanasema mama nyie mmezoeana, na mimi sicheki hata kidogo.

Nina miaka 64, mume wangu 67, ndoa ina miaka 40. Mimi nilistaafu 2016, yeye 2018. Watoto wote wana makwao. Tangu mwezi wa tatu tuko ndani, siku ile tarehe 11 Machi 2020 WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walipotangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia mwanangu wa kwanza alipiga simu usiku uleule akasema mama una presha, baba ana sukari, na umri ndo huo, nyie msitoke hata getini. Hazikupita siku nyingi likatoka agizo la watu wote kubaki nyumbani, tukatii na mpaka leo tunatii. Vitu vya ndani na dawa analeta yeye, anaweka mlangoni anarudi nyuma mpaka getini tunaongea kwa kupaziana sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto, alafu anaondoka. Kila akiondoka mzee anabaki kasimama pale mlangoni mpaka mlio wa gari uishe kabisa ndo anafunga.

Sasa jambo lenyewe. Huyu baba toka astaafu alikua akitoka saa tatu asubuhi, anaenda kukaa na wenzake, anapitia huku na kule, anarudi saa tisa. Zile saa sita zilikua zangu. Nilikua nashona, nafungua redio yangu kwa sauti ninayoitaka, naongea na dada yangu kwenye simu, au nakaa tu. Saa hizi hazipo tena. Nikienda jikoni yupo, nikikaa barazani yupo, nikiinuka ananiuliza unaenda wapi, jamani nyumba ina milango mitano naenda wapi mimi?

Wiki mbili zilizopita nimeamka nikakuta jiko langu limepangwa upya. Sufuria zote kwa ukubwa, vikombe vyote mikono imeangalia kulia, makopo kayaandika namba kwa kalamu ya wino 1 mpaka 14 na karatasi kabandika ukutani ya kuonyesha namba ipi ni nini. Miaka 40 mimi nafumba macho napata kitu jikoni kwangu, siku hiyo nimesimama na miwani nasoma karatasi ukutani. Nikanyamaza.

Kingine ni hizo namba za wagonjwa. Ana redio, ana tivi, ana simu, vyote vinasema kitu kimoja na yeye ananisomea. Wangapi leo, wangapi wamekufa, nchi gani imepita nchi gani. Nikiwa nakula, nikiwa nalala. Na usafi ndo usiseme, anachanganya dawa ya klorini na ile ya kuoshea choo kwenye ndoo moja anasema zikiwa mbili zinaua zaidi, juzi macho yaliniwasha na kifua kikabana nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nusu saa.

Jumatano tukagombana. Kisa mfuniko wa sufuria, nimeuweka pale nilipouweka miaka yote yeye akautoa mbele yangu akaupeleka kwenye "mahali pake". Nikasema maneno ambayo sikuyapanga. Tukakaa siku mbili hatusemeshani, watu wawili kwenye nyumba iliyofungwa, unasikia mpaka kijiko cha mwenzio kinavyogusa bakuli.

Simchukii mume wangu, nampenda, na nikiwaza huu ugonjwa unaweza kumchukua usingizi unaniisha. Ila nimechoka kuangaliwa. Sijui kama naeleweka. Nyie wenzangu wastaafu mliofungiwa wawili wawili mnagawanaje siku? Mnafanyeje?

Mtunza Stoo Mstaafu

Dada yangu, unaeleweka sana na mimi nakujibu nikiwa upande wa pili, maana mimi ndo huyo mzee wako.

Nimefanya kazi ya stoo miaka 33. Nikistaafu sikukaa nyumbani hata wiki, nilipata kijiwe changu cha wastaafu wenzangu nikawa naenda kila siku kwa saa ileile, nimevaa vizuri, na nikichelewa wananiuliza. Ile ilikua kazi ingawa hailipi. Lokdauni ilipokuja ikachukua kijiwe, nikajikuta naamka asubuhi hakuna anayenisubiri popote. Kwahiyo wewe unasema mzee kastaafu 2018, mimi nakwambia mzee wako kastaafu Machi mwaka huu. Ana miezi mitatu tu kazini humo kwenye kustaafu na hakuna aliyemfundisha.

Na mtu akipotelewa na kazi anaenda kuitafuta mahali palipo na kazi, nyumbani kwenu kazi iko wapi? Jikoni. Ndo maana kaja kwako. Mimi nilihesabu mashuka dada. Nilihesabu sabuni, nikaandika daftari la sabuni, mke wangu akachukua kipande kimoja bila kusaini nikamuuliza kimeenda wapi. Alilia siku hiyo na mimi sikuelewa analia nini mpaka usiku sana.

Kilichotusaidia naweza kukwambia ila sio dawa ya wote. Tulianza na ratiba, nikaipiga rula nikabandika ukutani, saa hii fulani saa hii fulani, ikadumu siku nne. Haikufaa kwasababu niliiandika mimi peke yangu. Baadae mke wangu akanipa vitu viwili vya kwangu kabisa ambavyo yeye haviulizi wala havikagui: maji yote ya nyumba, kuyachota kuyachemsha kuyajaza na kuosha vyombo vyake, na dawa zetu. Kila Jumapili napanga vidonge vya wiki nzima vya wote wawili kwenye kiboksi chenye siku saba, najua vimebaki vya siku ngapi, nampigia kijana kabla havijaisha. Angalia hapo neno ni kumwachia. Ukimwambia njoo unisaidie atakaa anakusubiri umwambie hatua inayofuata, na hapo umeongeza kazi badala ya kupunguza.

Na kuhusu hizo saa zako, ziombe kwa jina. Mke wangu aliniambia kuanzia saa nne mpaka saa sita mchana mlango wa chumba ukifungwa mimi sipo, hata moto ukiwaka gonga kwanza. Siku za mwanzo niliumia nikajua amenichoka. Siku hizi saa sita mlango ukifunguliwa ana habari ya kunipa na mimi ninayo, tunakula tunaongea. Kabla ya hapo tulikua tumekaa pamoja kutwa nzima na hatuna cha kuambiana manake yote tumeyaona wote.

Nesi wa Zamani

Mama Kimya shikamoo. Nimesoma yote lakini nimekwama kwenye ile ndoo na naomba uanze na hilo LEO kabla ya mambo ya ndoa.

Dawa ya klorini isichanganywe na kitu chochote zaidi ya maji. Zile za kuoshea choo nyingi zina asidi, zikikutana na klorini inatoka gesi ya klorini, na ile hali ya macho kuwasha na kifua kubana ndo yenyewe hiyo. Na zenye amonia nazo hivyohivyo zinatoa gesi nyingine mbaya. Chumba kidogo, dirisha limefungwa, mtu wa miaka 67, hapo hatuongelei korona tena. Mwambie hivi, klorini peke yake kwa kipimo cha kwenye chupa, maji baridi, madirisha wazi, na sabuni ya kawaida inatosha kwa kazi nyingi sana. Huyu kirusi kwa nje ana ganda la mafuta na sabuni inalivunja, ndo maana tunasisitiza mikono sekunde 20, haina uhusiano na ukali wa harufu. Ukimweleza KWANINI atakuelewa, mtu anayepanga makopo kwa namba ni mtu anayependa sababu.

Habari. Mara moja kwa siku, mara mbili basi, na isiwe kabla ya kulala. Nimeuguza watu wengi na nakwambia hofu inapandisha presha kama chumvi inavyopandisha.

Sasa hapo kwenye presha, Mtunza Stoo kasema vizuri kuhusu vidonge, mimi namwongezea mzee kazi nyingine. Kama mna kile kimashine cha presha awe yeye anayepima, asubuhi na jioni, anaandika daftarini. Ila apime inavyotakiwa, wengi wanakosea wanapima mtu ametoka kufua. Ukae umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini usikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu na MSIONGEE. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote. Hizo dakika tano za kukaa kimya pamoja bila kugombana nazo ni dawa, nimewaona watu.

Mwili sasa. Sisi wa umri huu tukikaa miezi mitatu kwenye kiti misuli ya mapaja inaisha haraka mno, alafu lokdauni ikifunguliwa ndo unasikia mtu kaanguka bafuni kavunjika nyonga. WHO wanasema wa miaka 65 na kuendelea wapate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na wafanye ya kujiweka sawa wasianguke siku 3 au zaidi kwa wiki. Ukigawa ni kama dakika 20 na kidogo kwa siku, na uwanja wa nyumba unatosha, hata korido. Kuna la kiti pia, unakaa unasimama bila kushika mahali mara 10, unapumzika, tena. Mzee mwenye sukari asitembee pekupeku hata ndani, avae viatu vilivyofunika vidole na kila jioni aangalie nyayo zake kama kuna mchubuko, asipoona vizuri umwangalie wewe. Maji kunyweni hata bila kiu, kiu nayo inazeeka.

Na la mwisho hili nalisema kwa uchungu. Kuna wazee wanapata dalili mbaya nyumbani wanakaa nazo kwasababu wanaogopa hospitali kuna korona. Kifua kikibana, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakitatanika, USISUBIRI kesho na usisubiri mtoto atoke kazini. Na huyo kijana anayeleta vitu aendelee kukaa mbali hivyohivyo, na siku mkilazimika kukaribiana na watu vaeni barakoa, mwezi huu tarehe 5 Juni 2020 WHO walitoa mwongozo kwamba sisi wa miaka 60 na zaidi pale umbali wa mita moja usipowezekana tuvae zile za kitabibu, hizi za kitambaa tuwaachie vijana.

Bi Mkubwa

Mmeshauri vizuri ila mimi kuna kitu kinaniuma humu. Watu wawili wamejibu na wote wamejibu habari za mzee. Mzee apewe kazi, mzee apewe daftari, mzee kapotelewa na kijiwe. Na yeye mama je?

Mwenzangu, ofisini ulistaafu 2016, jikoni ulistaafu lini? Zamani ulikua unapika mara mbili kwa siku sasa mara tatu, vyombo vimeongezeka, mtu wa kumhudumia kutwa nzima yupo, na ule muda wa kupumua umeondoka. Wewe nawe umepoteza kijiwe chako, kilikua humohumo ndani. Sio kosa lako kukilia.

Mimi nilimwambia mume wangu mwezi wa nne, kama unataka jiko, karibu, lakini huwezi kuchukua mpangilio ukaniacha na kazi. Chukua na masufuria yaliyoungua. Akaanza siku moja kwa wiki, tangu kuwaza tutakula nini mpaka kuosha sufuria la mwisho, na mimi siku hiyo SIINGII. Chakula cha kwanza kiliungua chini kikawa kibichi juu. Nilikula nikamshukuru. Usimkosoe siku ya kwanza, umkosoe ya tatu. Saivi ana siku tatu kwa wiki na mwenyewe karudisha vyombo jinsi nilivyokua nimeviweka, manake alipoanza kupika ndo akajua kwanini mwiko unakaa karibu na jiko na haukai kwenye droo.

Na zile karatasi za ukutani, mwambie ubandue wewe, usibandue usiku kwa siri. Mwambie mchana mkitazamana.

Mtoto wa Mwisho

Shikamooni wazazi wangu. Mimi si mstaafu, ni mtoto, wazazi wangu wana miaka 71 na 66 na niko mbali nao sijawaona tangu Februari, nimeona niseme upande wetu kidogo.

Mama yangu alianza kunipigia simu akiwa bafuni, maji yanamwagika nyuma, nikawa nadhani anafua. Wiki ya pili ndo akaniambia anafungulia bomba ili baba asisikie anaongea. Hakua anamsema vibaya baba, alikua anataka tu mazungumzo ambayo ni yake. Tangu hapo nabadilisha, Jumanne nampigia mama kwenye simu ya mama na Alhamisi nampigia baba kwenye simu ya baba, video koli ya wote wawili ni Jumapili. Zamani nilikua napiga simu moja "wape salamu wote" nikiona nimemaliza. Baba kumbe ana mengi ya kusema akiwa peke yake, amenieleza kazi yake ya kwanza, miaka yote hii sikuwahi kuijua.

Kwahiyo Mama Kimya waambie watoto wako wasicheke. Waambie wampigie baba yao YEYE. Hizo namba anazokusomea inawezekana hana mtu mwingine wa kumsomea. Na wakague na hayo magrupu ya WhatsApp aliyomo, ya baba yangu yalikua yamejaa tiba za uongo, mara kuoga maji ya moto kunaua kirusi, WHO walishakanusha hiyo ila yeye alikua anajiunguza mgongo kila asubuhi.

Mama Kimya

Nimerudi, zimepita siku kumi na moja. Niwashukuru wote, Nesi wewe nakushukuru kwanza, jioni ileile nilimsomea maneno yako neno kwa neno na akaenda mwenyewe kumwaga ile ndoo nje. Alinyamaza sana. Baadae akaniuliza, ulikaa kwenye ngazi nusu saa mbona hukuniambia? Sikua na jibu.

Daftari la presha ameshalianza, kapiga mistari kwa rula, safu yangu na safu yake, na kweli tunakaa zile dakika tano bila kuongea, mwanzoni niliziona ndefu. Yangu ilianza 158 kwa 94 sasa wiki hii ya pili inacheza kwenye 140 na kitu, daktari kwa simu kasema tuendelee na vidonge vilevile tumjulishe. Saa nne mpaka saa sita ni zangu. Siku ya pili aligonga kuuliza miwani yake iko wapi, ilikua usoni kwake, akaondoka taratibu akafunga mlango bila kelele. Nimemaliza kushona kitu nilichokiacha tangu Februari.

Bi Mkubwa, karatasi nimebandua mchana mbele yake. Hakupenda. Makopo yamebaki na namba zake na mimi nimeziacha, kufuta wino nako kazi. Kupika amesema ataanza Alhamisi hii, sijui, tutaona. Habari ndo bado, ameshusha mara tatu kwa siku, na bado kuna usiku nasikia redio imewekwa chini ya mto.

Ila kuna hili nataka niliseme kwa Mtunza Stoo manake maneno yako yalinikaa. Jumamosi nimeamka saa kumi na mbili nikaenda kuweka maji jikoni, narudi chumbani nikamkuta kakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kavaa shati lililopigwa pasi, suruali, mkanda, na viatu vyeusi vimeng'arishwa, kiwi na brashi bado viko chini kwenye gazeti. Amekaa tu mikono juu ya magoti. Nikagundua kiwi imekaribia kuisha, kopo tulilolinunua kabla ya haya mambo, kwahiyo amekua akifanya hivi asubuhi zote hizi mimi nikiwa jikoni, anavaa, anakaa, alafu anavua kabla sijaingia.

Aliponiona akainama aanze kulegeza kamba. Nikamwambia usivue. Nikavaa viatu vyangu na mimi, tukatoka, kutoka mlangoni mpaka getini, tukageuka mpaka ukuta wa nyuma, tukarudi. Nesi alisema viatu vilivyofunika vidole basi vile vinafaa. Siku ya kwanza tulienda mara tisa nikachoka mimi. Jioni nikamwangalia nyayo, ziko salama, kisigino cha kushoto kina ugumu kidogo tu.

Leo tumefika ishirini na mbili. Anahesabu yeye.